Jinsi ya kufuatilia mabaka ya vitiligo ukiwa kwenye dawa

Wagonjwa wengi wa vitiligo (ngozi kupoteza rangi yake na kubaki na mabaka meupe) ninaowahudumia hapa Mtwara huacha dawa mwezi wa pili wakisema haifanyi kazi. Ngozi hurudisha rangi polepole mno, na anayejitazama kwenye kioo kila asubuhi hawezi kuona tofauti. Iwe ni krimu au tiba ya mionzi ya mwanga, ipe miezi 3 hadi 6 kabla ya kuihukumu, na katika muda huo pima.

Kwanza hakikisha ni vitiligo kweli. Fumba macho, mtu akuguse juu ya baka kwa pamba. Usipohisi, wahi kituo cha afya, maana huenda ni ukoma, ugonjwa ambao bado upo mikoa yetu ya kusini na dawa zake ni bure. Baka la vitiligo lina hisia kamili, halina magamba, wala haliambukizi kwa kula sahani moja au kulala kitanda kimoja. Tafadhali waelezeni hivyo na majirani.

Hatua ya 1. Chagua mabaka mawili au matatu, mojawapo likiwa la usoni ikiwezekana. Uso huitikia dawa mapema. Ncha za vidole na midomo huchelewa sana.

Hatua ya 2. Piga picha mara moja kwa mwezi. Kaa mlangoni kivulini, asubuhi, bila flashi, na uweke sarafu ya shilingi 200 kando ya baka ili ukubwa ulinganishwe.

Hatua ya 3. Tandaza nailoni angavu ya kujaladia madaftari juu ya baka, fuatisha ukingo kwa kalamu ya maka, andika tarehe. Mwezi ujao chora upya kwa rangi nyingine. Mimi naiamini njia hii kuliko picha.

Hatua ya 4. Tazama kwa makini ndani ya baka. Dalili njema ya kwanza ni vitone vya kahawia kuzunguka vinyweleo, na baka laweza kuwa navyo bila kupungua hata kidogo. Ukiviona, endelea na dawa! Vinyweleo vyenyewe vikiwa vimegeuka vyeupe, rangi hurudi kwa shida zaidi.

Hatua ya 5. Zijue dalili za kurudi kliniki kabla ya tarehe: vidoa vyeupe vidogo vilivyotawanyika, ukingo uliofifia, au mstari mweupe ulioota palipokwaruzwa. Hapo ugonjwa unatembea. Kwa anayepaka krimu ya steroidi, angalia pia ngozi inayong'aa na kuwa nyembamba, michirizi au chunusi. Kwa anayepigwa mionzi, wekundu kidogo unaoisha ndani ya siku moja ni kawaida, lakini malengelenge yaseme kabla ya kuingia tena kwenye mionzi.

Msimu wa korosho unanipa wasiwasi kila mwaka. Mafuta ya ganda huunguza ngozi, na kidonda chochote kwa mwenye vitiligo chaweza kuzaa baka jipya. Vaa glovu unapobangua, na usisugue mabaka kwa dodoki. Jua nalo huyababua haraka: mikono mirefu, kofia au mtandio.

Siku ya kliniki njoo na simu yenye picha, nailoni zako zote, na tyubu ya dawa hata ikiwa imeisha. Ilivyominywa hutuonyesha kiasi unachopaka.