Paka Mwenye Kisukari: Apimwe Mara Ngapi Nyumbani?

Paka aliyeanza insulini karibuni, ambaye kwa kawaida hudungwa kila baada ya saa 12, apimwe sukari ya damu kabla ya kila sindano, kwa sababu kipimo hicho ndicho kinachokuzuia kumdunga ilhali sukari yake tayari iko chini. Kipimo kingine, kati ya saa 4 na 8 baada ya sindano, nakiona cha thamani zaidi, kwa kuwa mara nyingi ndipo sukari inapofika chini kabisa.

Daktari wa mifugo akibadilisha dozi, subiri siku 7 hadi 14, kisha pima kila baada ya saa 2 kwa saa 12, ukiandika daftarini namba, saa na chakula alichokula. Usibadilishe dozi kwa sababu ya namba moja ya juu, maana hofu peke yake humpandisha paka sukari.

Ili kupata tone la damu la kupima, lipashe sikio joto kwa kitambaa cha uvuguvugu, choma ukingoni bila kuugusa mshipa, kisha bana kwa pamba. Tumia mashine ileile ya kupimia sukari kila siku, kwani za binadamu huelekea kusoma chini kuliko za wanyama.

Ikisoma chini ya kiwango alichokuwekea daktari, usimdunge. Mpe chakula na umpigie daktari. Akiyumba au kulegea, mpake asali kwenye fizi na umpeleke kliniki mara moja. Hali ikitulia kwa miezi kadhaa, daktari anaweza kukupunguzia ratiba.