Kuunda jeshi la Goguryeo kwa mchezo wa vita mezani

Chagua kipindi kwanza. Jeshi la mwaka 612 la Goguryeo, ufalme wa kale wa Korea, lililowashinda Wasui, watawala wa China wa wakati huo, kwenye mto Salsu, linakupa adui wa wazi. Kwa mavazi, tazama michoro ya kaburi namba 3 la Anak, Korea Kaskazini, la mwaka 357: wapanda farasi wenye deraya, wapiga mishale, watu wa mikuki na ngao, na wabeba shoka.

Kwa sanamu za milimita 28, anza na farasi 12 na askari wa miguu 36. Wengi hukosea kwa kuwavika deraya wapanda farasi wote. Sita wanatosha, waliobaki wawe wapiga mishale wepesi, wakiwemo Wamalgal, washirika wao. Sanamu za samurai usizitumie hata kama zinauzwa rahisi, kwa sababu deraya zao ni za karne nyingi baadaye.

Deraya ni vibamba vya chuma vilivyofungwa kwa kamba. Paka rangi nyeusi, iache ikauke kabisa, kisha pitisha brashi iliyo karibu kavu yenye rangi ya chuma cheusi. Fedha inayong'aa huziba mistari ya vibamba na kila kitu huonekana bapa. Malizia kwa kahawia iliyozimuliwa.

Mikuki ya plastiki hukatika. Weka waya wa chuma wa milimita 1, ukitoboa kiganja kabla ya kupaka rangi. Farasi wa deraya ni wanene, hivyo vitako (vibao vya kusimamishia sanamu) vya upana wa milimita 25 huwabana. Tumia 30.