Jinsi ya Kukadiria Thamani ya Picha za Kale za Kihindi Zenye Fremu

Majengo ya zamani ya Jinja, Mbale na Kampala yanapokarabatiwa, si ajabu kukuta stoo picha ya miungu ya Kihindu kama Lakshmi, Ganesh au Krishna ndani ya fremu ya mbao iliyopauka. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 za kuihama Uganda, na mtu anayefunga maisha yake katika masanduku machache hawezi kubeba kila kioo kilichotundikwa ukutani. Aliyepata picha ya namna hiyo na afuate utaratibu ufuatao kabla ya kutaja bei.

La kwanza ni kutoipangusa. Nukta nyekundu za kumkum, yaani unga wa ibada, kwenye paji la uso wa mungu na moshi wa ubani uliotanda pembeni ni ushahidi kwamba picha iliabudiwa, nao ukifutwa haurudi. Picha nyingine zilipambwa kwa mkono kwa nyuzi za zari, vitambaa na vimetameta. Mapambo hayo, yakiwa ya zamani kweli, huongeza thamani. Piga picha mbele na nyuma kwanza, ndipo uendelee.

Kisha azima kioo cha kukuzia kinachotumiwa na masonara na utazame rangi kwa karibu. Katika chapa ya mawe (litografia), njia ya zamani ya kuchapa picha za rangi, kila rangi ilichapwa kwa jiwe lake, kwa hiyo utaona chembechembe zisizo na mpangilio, kama mchanga uliomwagika, na pengine rangi moja imepita kidogo nje ya mstari wake. Ukiona nukta zilizojipanga kwa safu kama askari wa gwaride, hiyo ni chapa ya ofseti au mashine ya baadaye, hata kama fremu ni kuukuu. Usidanganyike pia na oleografu, ambayo ilipakwa vanishi na kugandamizwa ili karatasi iige nyuzi za kitambaa cha turubai cha kuchorea. Wengi huiuza kwa nia njema wakidhani ni mchoro wa rangi za mafuta.

Ukingo wa chini, penye jina la mchapaji, ndio unaozungumza zaidi. Raja Ravi Varma, mchoraji wa Kerala aliyefariki mwaka 1906, alianzisha kiwanda cha uchapaji Bombay mwaka 1894, baadaye kikahamia karibu na mji wa Lonavla. Kiliuzwa kwa fundi Mjerumani, Fritz Schleicher, na kikaendelea kuchapa kwa jina lilelile muda mrefu baada ya mchoraji kufa. Kwa hiyo jina la Ravi Varma ukingoni halithibitishi mwaka, na saini iliyo ndani ya picha imechapwa pamoja na rangi nyingine. (Kiwanda hicho kiliteketea kwa moto mwaka 1972, mwaka uleule wa kufukuzwa Waasia hapa kwetu.) Linalosikitisha ni kwamba mafundi wengi wa fremu walikata ukingo ili picha iingie vizuri, na picha isiyo na ukingo hushuka bei hata ikiwa rangi zake ni safi.

Geuza nyuma. Gazeti lililobandikwa chini ya ubao, kwa mfano Uganda Argus, hueleza fremu ilifungwa lini, si picha ilichapwa lini. Taa ya dukani ya kukagua noti nayo inafaa: karatasi ikimeremeta kwa weupe wa kibuluu, kuna uwezekano mkubwa kwamba ilitengenezwa baada ya katikati ya karne ya 20. Tafuta matundu ya wadudu na madoa ya kahawia. Ikiwa karatasi imegandana na kioo, usiivute. Mwachie mtaalamu wa kuhifadhi karatasi.

Kuhusu bei, linganisha na kiasi ambacho picha ya chapa hiyohiyo, ukubwa huohuo na hali hiyohiyo iliuzwa kweli mnadani, wala si kiasi ambacho muuzaji anakitamani. Lakshmi na Saraswati zilichapwa kwa wingi mno, hivyo nyingi hazina bei kubwa. Kwa maoni yangu, kwa picha iliyopatikana Uganda, lebo ya fundi wa fremu wa Kampala, au picha ya familia inayoionyesha imetundikwa dukani mwao, ina uzito kuliko fremu yenyewe, kwa hiyo picha iuzwe pamoja na hati hizo.