Mambo ya kuzingatia kabla hujailinganisha bunduki na darubini yake ili ipige unapolenga

Uwindaji umepigwa marufuku Kenya tangu 1977, kwa hiyo nasema na askari wa wanyamapori, polisi wa akiba na wenye leseni wanaolenga shabaha uwanjani. Kabla ya yote, hakikisha nyuma ya shabaha pana tuta refu la udongo. Hapa Malindi kuna anayedhani bahari inatosha. Haitoshi hata kidogo: risasi ya .308 (namba hiyo ni kipimo cha unene wa risasi kwa inchi) inaweza kwenda zaidi ya kilomita 4, ikigusa maji huruka tena, na huko nje wamo wavuvi.

Halafu elewa mwendo wa risasi. Wengi huamini inapotoka hupaa yenyewe. Sivyo. Huanza kuanguka papo hapo inapotoka mtutuni. Huonekana kupanda kwa sababu darubini imekaa kama sentimita 4 juu ya mtutu, na mtutu wenyewe umeelekezwa juu kidogo ili ukutane na mstari wa jicho. Risasi huukata mstari huo mara mbili, ikipanda na ikishuka.

Sasa amua kosa unaloweza kulivumilia. Tuseme shabaha yako ina upana wa sentimita 15, yaani nafasi ya 7 na nusu juu na chini ya kitovu. Risasi ya .308 yenye uzito wa greni 150, yaani karibu gramu 10, hutoka kwa kasi ya karibu mita 860 kwa sekunde. Ikifika mita 100 imeshaanguka kama sentimita 7 chini ya mstari wa mtutu, na mita 200 zaidi ya 30. Ukiirekebisha darubini ipige sentimita 7 juu kwenye mita 100, itarudi kwenye mstari karibu na mita 200, na kwenye mita 240 hivi itakuwa imegusa ukingo wa chini. Huo ndio mwisho wa kulenga katikati bila kukisia. Ukipita hapo, usifyatue.

Hesabu hiyo usimwazime mwenye .458, bunduki ya wanyama wakubwa. Risasi yake ni nzito na ya polepole, kwa hiyo mwisho wake uko karibu zaidi. Tena anayeitwa kwa sababu ya kiboko kule Mto Sabaki, au nyati kwenye vichaka vya Lamu, hufyatua kwa karibu sana. Kwa hatua tano, kwa kuwa darubini iko juu ya mtutu, risasi hupiga sentimita 3 au 4 chini ya unapotazama. Jaribu umbali huo pia, kwenye karatasi.

Nenda asubuhi, upepo wa kusi haujachachamaa. Pangusa mafuta ndani ya mtutu, maana chumvi ya pwani hutulazimisha tuyapake mengi, na risasi ya kwanza kwenye mtutu wenye mafuta huenda isiangukie zilipo zenzake. Piga tatu tatu, uache mtutu upoe. Ukibadilisha aina ya risasi, hata kama kipimo ni kile kile, anza upya.