Jinsi ya kumbuni shujaa anayepigana kwa nguvu za hadithi

Ninaandika katuni za mapigano, na nguvu ninayoipenda kuliko zote ni hii: mhusika akimkamata adui, papo hapo anapata uwezo wa shujaa wa hadithi aliyoihifadhi kichwani. Ijenge hivi.

Hatua ya 1: Chagua hadithi moja, uichimbe. Tumchukue Fumo Liyongo wa Pate, shujaa wa masimulizi ya kale ya pwani ya Lamu. Silaha za kawaida hazikumuua. Aliuawa kwa sindano ya shaba, aliyochomwa kitovuni na mwanawe akiwa usingizini. Lakini usiishie kwenye mwili wake. Gerezani aliletewa tupa ndani ya mkate wa wishwa, akakata minyororo huku watu nje wakiimba na kupiga ngoma, mlio wa tupa usisikike. Tayari una nguvu mbili: mwili usiodhurika, na shambulio linalojificha ndani ya kelele.

Hatua ya 2: Mpe na udhaifu wake. Hii usiiruke kabisa. Mhusika wetu, tumwite Zaituni, akiuvaa mwili wa Liyongo anavaa na kitovu chake. Adui aliyekulia Lamu atajua pa kupiga. Asiyeijua hadithi atamaliza ngumi zake kifuani bure. Kwa hiyo Zaituni lazima afiche ni hadithi gani anayoitumia, na adui anaichungulia kwa kuangalia anavyolinda tumbo. Kadiri hadithi inavyojulikana, ndivyo hatari inavyoongezeka.

Hatua ya 3: Ufundi uwe wake mwenyewe. Hadithi isimfundishe kupigana. Nguvu ya ngumi huanzia kwenye nyayo, hupita nyonga, ndipo ifike begani. Anayepiga fuvu kwa mkono mtupu anaweza kuvunjika mifupa ya kiganja. Raundi ya ndondi za kulipwa ni dakika 3 tu kwa wanaume, na mabondia hutoka wakihema. Zaituni naye aheme. Mimi nimempa judo, maana judo ni mchezo wa kushika. Mshiko ukiachia, hadithi inakatika.

Hatua ya 4: Igiza kabla ya kuandika. Shikaneni kola na mwenzako, polepole. Utaona mkono upi uko huru na pigo lipi halifiki.

Kwa zoezi, mpe Zaituni hadithi ya Sungura. Atapata hila na wepesi, ila na uzito wa sungura pia, na kwenye judo mwepesi huinuliwa kirahisi. Andika atakavyojinasua.