Somo: Sehemu zisizo za lazima kwenye rekodi za Haskell (lugha ya programu). Maybe, aina yako mwenyewe, au f?

Mfano wetu ni daftari la wakulima wa kahawa katika chama cha ushirika, tuseme upande wa Masaka, Uganda. Mkulima analeta kiboko (kahawa iliyokaushwa na maganda yake), karani anaandika jina, NIN ya kitambulisho cha taifa (herufi na tarakimu 14), namba ya simu, na unyevu wa kahawa. Jina lipo siku zote. Hayo mengine mara yapo, mara hayapo, na hapo ndipo wengi wetu hubandika `Maybe` (aina yenye hali mbili: `Nothing`, yaani hakuna kitu, au `Just` yenye kitu ndani) kila mahali tukaendelea na kazi. Kompaila hailalamiki. Atakayelalamika ni mhasibu siku ya malipo.

Hatua ya 1: uliza kwa nini haipo

Fanya hivi kabla hujagusa kibodi. Chukua simu. Huenda mkulima hana simu kabisa. Huenda anayo, ila foleni ilikuwa ndefu na karani hakumuuliza. Kwenye karatasi yote mawili ni kisanduku kitupu, lakini kwa anayetuma malipo ni mambo mawili tofauti: wa kwanza alipwe taslimu, wa pili aulizwe akirudi. Ukishajua kuna sababu ngapi za kutokuwepo, uchaguzi wa aina karibu umeshafanyika.

Hatua ya 2: sababu ni moja tu? Tumia Maybe

Unyevu ama umepimwa ama bado. Basi: `unyevu :: Maybe Double`, na tusonge mbele. Usiandike 0 kwa maana ya "bado". Ukitafuta wastani wa ghala, sifuri hizo zitaushusha, na kahawa mbichi itaonekana kavu.

Hatua ya 3: sababu zaidi ya moja? Zipe majina

```haskell
data Simu = HanaSimu | Hajaulizwa | Namba Text
```

Mtu anaweza kusema `Maybe (Maybe Text)` inabeba hali hizohizo tatu. Ni kweli. Lakini mwenzako akikuta `Just Nothing` katikati ya msimbo, atajuaje ni ipi kati ya hizo? Kwa rekodi ya kawaida mimi nachagua majina. `Either` (aina inayobeba ama kosa ama jibu) niiachie pale ambapo kitu kilijaribiwa kikashindikana na unataka kubeba sababu yake, mfano kipimo kimeleta hitilafu: `Either Hitilafu Double`. Kisanduku ambacho hakuna aliyejaribu kukijaza hakihitaji `Either`.

Hatua ya 4: rekodi ina awamu? Iachie rekodi ichukue konstrukta yenyewe

Hapa ndipo penye utamu. Tazama tena `Hajaulizwa`. Asubuhi, karani akiwa kijijini, ina maana. Lakini rekodi ikishahakikiwa na kupelekwa kwa mhasibu, haipaswi kuwepo tena, na bado aina ya `Simu` inaibeba. Kila kitendakazi cha malipo kitalazimika kushughulikia hali ambayo tumeapa haiwezi kufika huko. Dawa yake:

```haskell
data Mkulima f = Mkulima
  { jina   :: Text
  , nin    :: f Text
  , simu   :: f (Maybe Text)
  , unyevu :: f Double
  }

type Rasimu = Mkulima Maybe
type Kamili = Mkulima Identity
```

`f` si aina kamili kama `Text`. Ni konstrukta ya aina inayosubiri kupewa aina nyingine, kama `Maybe` au `Identity` (kifuko kinachobeba thamani tu, hakina hali ya "haipo"). Jina halikupewa `f` kwa makusudi, maana bila jina hatufungui hata rasimu. Kwenye `simu`, `f` ya nje inajibu "ameulizwa?" na `Maybe` ya ndani inajibu "anayo?". Ile `Maybe (Maybe Text)` niliyoikataa juu imerudi, lakini sasa kila tabaka lina kazi yake, na kwenye `Kamili` la nje linabaki `Identity` tupu. `Hajaulizwa` haiwezi hata kuandikwa.

Kuvuka kutoka awamu moja hadi nyingine:

```haskell
kamilisha :: Rasimu -> Maybe Kamili
kamilisha m =
  Mkulima (jina m)
    <$> fmap Identity (nin m)
    <*> fmap Identity (simu m)
    <*> fmap Identity (unyevu m)
```

Sasa andika `lipa :: Kamili -> IO ()`. Anayejaribu kulipa rasimu atazuiwa na kompaila, si na mhasibu.

Gharama ipo. `deriving Show` ya kawaida (kuiachia kompaila iandike namna ya kuonyesha rekodi) itagoma. Utahitaji viendelezi vya kompaila: `StandaloneDeriving`, `FlexibleContexts` na `UndecidableInstances`:

```haskell
deriving instance
  (Show (f Text), Show (f (Maybe Text)), Show (f Double))
  => Show (Mkulima f)
```

Kama rekodi yako haina awamu mbili, achana na `f`, baki hatua ya 2 au ya 3.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Mbale:* Mwalimu, `kamilisha` ikirudisha `Nothing` sijui ni sehemu gani imekosekana. Karani ananiuliza mimi!

Ndugu, ni kweli, `Maybe` haisemi. Ukiibadili kuwa `Either [Text]`, itasimama kwenye kosa la kwanza. Anachotaka karani ni orodha nzima, kwa hiyo tumia `Validation` kutoka maktaba ya `validation`. Muundo wa `<$>` na `<*>` unabaki vilevile. Kila mstari unakuwa hivi:

```haskell
maybe (Failure ["NIN"]) (Success . Identity) (nin m)
```

*Mwanachama, Gulu:* Data yangu inakuja kwa JSON (maandishi ya jozi za ufunguo na thamani) kutoka simu za mawakala. "simu": null na kutokuwepo kwa "simu" kabisa vinanipa jibu moja. Nikose usingizi?

Ukose kidogo, dada. Kwenye `aeson`, maktaba ya kusoma JSON, `.:?` huvichanganya vyote viwili kuwa `Nothing`. Tumia `.:!` na aina `Maybe (Maybe Text)`: ufunguo usipokuwepo unapata `Nothing`, ukiwepo na null unapata `Just Nothing`. Inaingia moja kwa moja kwenye `simu` ya `Rasimu`. Waambie tu mawakala null maana yake "hana simu".

*Mwanachama, Kampala:* Nina sehemu thelathini na kitu. Niandike `fmap Identity` mara zote hizo?

Hapana kaka, utachoka bure. Maktaba ya `barbies` ina `bsequence'`; ukishaipa rekodi `Generic`, `FunctorB` na `TraversableB`, basi `kamilisha = bsequence'` inatosha, na jina lisilo na `f` litapita bila kuguswa. Ila itarudisha `Maybe` ileile, kwa hiyo tatizo la mwenzako wa Mbale utalirithi.

*Mwanachama, Jinja:* Kuandika `runIdentity` (ya kutoa thamani ndani ya `Identity`) kila ninaposoma NIN kunachosha macho. Nimeona watu wanaiondoa kwa type family (kitendakazi cha aina: kinapokea aina, kinarudisha aina).

Inawezekana:

```haskell
type family Hali f a where
  Hali Identity a = a
  Hali f a = f a
```

Kisha `nin :: Hali f Text`. Kusoma kunakuwa rahisi, ila kompaila haitaweza tena kukisia `f` yenyewe kutokana na sehemu, na utajikuta unaandika aina mahali ambapo hukuhitaji. Mimi navumilia `runIdentity`.