Kuchagua Kibodi ya Kishikwambi kwa Ajili ya Safari

Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 nchini Tanzania viligawiwa kwa walimu baada ya kazi hiyo, na yeyote aliyewahi kuandikia ripoti ndefu kwenye kifaa cha namna hiyo anajua jinsi herufi za kwenye kioo zinavyoziba karibu nusu ya skrini na kuchosha vidole. Kibodi ndogo ya kubeba huondoa adha hiyo, mradi ichaguliwe kwa kuzingatia safari yenyewe.

Kabla ya kuulizia bei, amua utaiweka wapi unapoandika. Kibodi zinazokunjwa katikati huvutia kwa kuwa huingia mfukoni, lakini nyingi hulegea kwenye bawaba zikiwekwa mapajani, na kishikwambi hubaki bila pa kuegemea. Kwa mtu anayeandikia ndani ya basi la mkoani au kwenye viti vya kusubiria boti, naona afadhali kava gumu lililoungana na kibodi, hata kama linaongeza uzito. Anayesubiri mpaka afike nyumba ya wageni yenye meza anaweza kutosheka na kibodi nyembamba inayojitegemea.

Jambo linalosahaulika zaidi ni mpangilio wa herufi, hasa kwa kibodi za mitumba kutoka Ulaya. Kibodi ya Kifaransa, ambayo pia ni ya kawaida Kongo na Burundi, huweka A mahali pa Q na Z mahali pa W, ilhali ya Kijerumani hubadilishana nafasi za Y na Z. Kwa lugha yetu, ambayo haipiti sentensi mbili bila “wa”, “ya” na “za”, tofauti hiyo si ndogo. Ukiwa dukani, iunganishe na kishikwambi chako mwenyewe, kisha andika: “Ng’ombe wa mzazi wangu yuko ng’ambo ya ziwa.” Herufi zinazotokea zikitofautiana na zilizochapwa kwenye vitufe, fungua mipangilio ya kishikwambi na uchague lugha ya kibodi inayolingana nayo. Angalia pia ritifaa. Katika baadhi ya kibodi ndogo alama hiyo imefichwa chini ya kitufe cha Fn, na mwandishi wa Kiswahili atalazimika kubonyeza vitufe viwili kila anapoandika ng’. Kibodi ya aina hiyo mimi nisingeinunua, hata kwa bei ya chini.

Ukubwa wa vitufe upime kwa rula. Katika kibodi ya kawaida umbali kutoka katikati ya kitufe kimoja hadi katikati ya kinachofuata ni takribani milimita 19, kwa hiyo safu ya herufi kumi za juu hukaribia sentimita 19. Ikipungua sana hapo, vidole hubanana na makosa huongezeka.

Kuhusu umeme, kibodi ya kuchaji ni nyepesi, lakini iwe na tundu la USB-C ili waya mmoja uhudumie vifaa vyote, iwapo kishikwambi chako nacho kinatumia tundu hilo. Kwa safari za mbali na umeme wa uhakika, nashauri ya betri za kubadilisha. Logitech K380, kwa mfano, hutumia betri mbili za AAA, yaani zile ndogo za rimoti, na huweza kuunganishwa kwa Bluetooth na vifaa vitatu, hivyo kwa kubonyeza kitufe kimoja unahama kutoka kwenye kishikwambi hadi kwenye simu. Ya waya haihitaji betri yake, ila hula chaji ya kishikwambi, na hufanya kazi tu ikiwa kishikwambi kinakubali vifaa vya USB.

Mwisho, hakikisha ina swichi ya kuzimia. Isiyo na swichi hujibonyeza ndani ya begi, ikaamsha skrini na kumaliza chaji ya vifaa vyote viwili kabla hujafika.